Fimbo ya Bahari Ilipoletwa Kiambere

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na tisa na sina pensheni, lakini kazi nimeiacha, vidole vina makovu ya ndoano, na mtu aliyeacha kazi akiwa na makovu ana haki ya kuwasema walioishika baada yake. Kwa hiyo nyinyi wadogo zangu, hasa nyinyi wa kidato cha kwanza na cha pili mnaoshuka Kiambere kila likizo ya Aprili na ndoano mpya mfukoni na maneno mengi mdomoni, ketini kidogo. Nawaandikia kwa sababu kuwaambia siwezi. Mkinisimamisha njiani nitaangalia viatu vyenu, niseme "sawa sawa", niende zangu. Pale ukingoni waliniita Kimya, na hawakunipa jina hilo kwa kunisifu. Kwenye karatasi lakini mimi si kimya, mtaona.

Kazi yangu ilikuwa kuvua kwa mshipi wa mkono kando ya bwawa, pamoja na Tata Marigu, dada wa baba yangu. Hatukuwa na mtumbwi wala wavu. Tulikuwa na mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kopo la rangi, ndoano, kipande cha risasi kisichozidi punje ya mahindi, na nyungunyungu waliochimbwa chini ya mgomba alfajiri. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa unga. Nimewaona nyinyi mnakuja na begi lenye zipu pande zote, na kila zipu ina kitu kinachong'aa, halafu jioni mnaniuliza kama nimebakisha samaki wa kuwauzia ili msirudi nyumbani mikono mitupu. Nawauzia. Nyumbani mnasema mmevua. Najua.

Baada ya kuvua ni kupasua, na hapo ndipo nilipokuwa fundi. Nilikuwa na visu viwili. Kimoja kikali, ambacho hakuna mtu aliyekishika ila mimi. Kingine butu, cha kuparua magamba. Anayeanza kazi hupewa butu. Tata alinipa hicho nikiwa kidato cha kwanza, nikalia kimoyomoyo nikidhani ananidharau. Alisema, "Kikali kitakukata kabla hujajua mfupa uko wapi. Butu kitakusimamisha kila ukifika kwenye mfupa, mpaka mkono ujue wenyewe." Nilikaa na kile butu likizo baada ya likizo. Siku aliyonipa kikali hakusema neno, alikiweka tu kwenye ndoo yangu. Nyinyi mnataka kuanza na kikali. Ndiyo maana mna plasta.

Jambo lingine mnalolikosa ni mahali samaki alipo. Mwanzo wa msimu, mvua ikishanyesha huko juu Kianjokoma, mto Tana unaleta maji mekundu kama chai ya maziwa iliyochacha. Bwawa linapanda, linameza nyasi, linameza vichaka, linameza shamba la ndengu la mtu aliyepanda karibu kupita kiasi kwa tamaa. Tilapia anayafuata hayo majani. Anakuja kula na kutaga pale ambapo juzi mbuzi alikuwa amesimama. Kwa hiyo msimu ukianza samaki hayuko mbali. Yuko miguuni pako. Unasimama nyuma, kwenye ardhi kavu, unaacha kivuli chako nyuma yako, unatupa mshipi kama unavyomrushia kuku punje, unanyamaza. Ni kazi pekee duniani ambapo kunyamaza kwangu kulihesabiwa kuwa ujuzi. Shuleni, kule bweni la baridi karibu na Kianjokoma, wasichana walisema nanuka samaki na sina maneno. Yote mawili yalikuwa kweli. Harufu inatoka kwa majivu na ndimu. Ujinga wa kudhani kila kitu ni kusema, huo dawa yake sijaiona.

Na kuna sheria moja. Nawaomba hii mwishike hata kama mengine mtayatupa. Aliye nchi kavu ndiye mwenye macho. Aliye majini haoni kitu, anaona mwanga juu ya maji. Kwa hiyo aliye nchi kavu akisema "toka", unatoka. Huulizi kwa nini, humalizi ulichoanza, hushiki kitu. Unatoka ulivyo. Na neno hilo husemwa mara moja tu.

Sheria hiyo ilikuwepo siku zote, lakini Tata anaishika kuliko wengine, na sababu yake kila mtu wa upande ule anaijua. Mume wake, Njeru, alikuwa mvuvi wa wavu. Wavu wake ulinasa kwenye mti uliozama. Tata alikuwa ameketi kwenye jiwe akipasua, akaona kitu, akamwambia toka. Njeru akasema, "Nifungue hili fundo moja tu." Mamba hakumpa nafasi ya fundo. Mimi nilikuwa mdogo sana, namkumbuka kwa kofia tu. Lakini kwa Tata hamna mtu anayesema "moja tu". Sukari kijiko kimoja tu, hapana. Unasema kimoja, unanyamaza.

Sasa nije kwa Mwenda.

Mwenda alikuwa mfungaji miraa kutoka Laare. Mke wake alifariki zamani, watoto hakuwa nao, na mikono yake ilikuwa na kasi ya kuogofya. Alikutana na Tata sokoni Embu, Tata akiuza samaki wa kukaushwa. Alisimama mbele ya meza akauliza, "Mama, hivi vitu vinaliwa kweli ama ni dawa?" Kule kwao milimani wazee bado wanamwona samaki kama ndugu wa nyoka aliyejifunza kuogelea. Tata akamjibu, "Vinaliwa na watu wenye akili. Wewe pita." Hakupita. Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine, na akaanza kufika mpaka Kiambere akiwa amevaa koti.

Sikumpenda. Nasema wazi. Alinisalimia kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi. Alikula ndizi zetu akisifu ndizi za kwao. Jirani yetu Mzee Nyaga, ambaye huvua akielea majini juu ya mpira wa lori uliojazwa upepo, na shavu limejaa mguka, yale majani ya miraa ya huku kwetu, alimkaribisha majani kwa ukarimu, na Mwenda akayaangalia kama mtu aliyepewa nyasi.

"Mzee, hii mnakula wenyewe ama mmekosa mbuzi?"

"Mbuzi wanachagua," Nyaga akasema. "Yenu ya matawi walikataa, wakasema ni kuni."

Mwenda alicheka, hilo nampa. Lakini kilichonifanya nimdharau hasa ni ule mzigo wa mama yake.

Alitaka kumpelekea mama yake samaki, aone kwamba si nyoka. Alichukua tilapia wazuri, mafuta yamewajaa tumboni. Nikaanza kuwapasua. Akaninyang'anya ndoo. "Acha, acha. Mimi nafunga vitu tangu nikiwa na meno ya maziwa. Kitu kikifungwa vizuri hakiharibiki." Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ndivyo nilivyo. Akakata majani ya mgomba, akayalaza, akapanga wale samaki na matumbo yao yote, vichwa upande mmoja, mikia upande mmoja, akawaviringisha na kuwakaza kwa kamba ya mgomba. Lilikuwa bunda zuri kuliko bunda lolote nililowahi kuona. Ungedhani linakwenda uwanja wa ndege. Kisha akaliweka juani kwenye keria ya boda boda, safari ikaanza: Embu, Meru mjini, Maua, mpaka Laare.

Miraa iliyokatwa inataka kubaki na jasho lake, ndiyo maana jani la mgomba linaifaa. Samaki akibaki na tumbo lake, anaanza kujila mwenyewe kutoka ndani, na ukimfunika kwa joto unamsaidia. Mama yake alifungua lile bunda jikoni. Tulisikia habari kutoka kwa Mwenda mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuficha. Mama alihamisha mafiga yake nje, akapikia nje mpaka harufu iishe, na akamwambia, "Mwenda, ukitaka kuoa, oa. Lakini usinitumie maiti."

Hapo ndipo masharti yalipotoka. Mama alisema huyo mwanamke wa Mbeere akija Laare, aje bila samaki, bila ndoo, bila kisu. Mwenda akaleta neno hilo akiwa amekunja kofia mkononi. Nilikuwa pale naparua magamba. Alitaka Tata aache maji, ahamie Laare, wafunge miraa pamoja. Nyumba ya mabati ipo, ng'ombe yupo, baridi ipo.

Tata alikuwa bado kijana, mnajua, si mzee. Nilimwona akiangalia mikono yake, nikajua anataka kwenda. Si Laare. Anataka kuwa na mtu.

"Siwezi kukujibu hapa," akasema. "Wewe umeniona sokoni. Mimi sijakuona majini. Mvua ikianza, njoo tuvue siku nzima. Jioni nitakujibu, na jibu nikishatoa sirudii."

"Kuvua tu?" Mwenda akasema. "Hilo nitajifunza."

Mimi nilisikia kitu kingine. Tata akienda, ndoo yangu inaenda, jiwe letu linachukuliwa na wengine, na mimi narudi kuwa msichana asiye na maneno huko mjini Embu kwenye sebule ya baba. Kwa hiyo niliomba. Niliomba mvua ichelewe, na ikianza, Mwenda aaibike mpaka arudi kwao. Mungu alinipa nusu.

Siku ile alikuja asubuhi kabla ukungu haujaondoka juu ya maji, na boda boda iliyomleta ilikuwa kama inabeba mlingoti. Fimbo. Fimbo ya kuvulia ya vipande viwili, akiunganisha inazidi urefu wa mlango na mtu juu yake. Mashine ya kukunja mshipi, kubwa kama kichwa cha mtoto, imepakwa rangi ya dhahabu. Risasi kama yai la bata. Bomba la kuchomeka chini ili fimbo isimame yenyewe. Na suruali ya mpira inayofika kifuani, yenye mikanda mabegani kama ya mtoto wa chekechea. Alikuwa ameziagiza Mombasa, na kabla ya hapo alikuwa ameangalia video mwezi mzima.

"Bwana Laare," Nyaga akaita kutoka kwenye mpira wake, "hiyo ni ya samaki ama ya kuangusha maembe?"

"Mzee, hii ni ya baharini. Watu wanasimama kwenye mawimbi, wanarusha mpaka kule nyuma yanapovunjikia."

"Hapa mawimbi yanakuja saa nane mchana, na yanavunjikia kwenye makalio ya mbuzi wangu."

Tata hakucheka. Alimwita Mwenda kando ya jiwe. "Hapa kuna sheria moja. Aliye nchi kavu akikuambia toka, unatoka. Ulivyo. Haisemwi mara mbili."

"Ndiyo, ndiyo," Mwenda akasema. Alikuwa anakaza skrubu, na ulimi umetoka kidogo kwa bidii. Nikajiambia hakusikia. Na nikafurahi.

Sijui niwaelezeje asubuhi ile bila kuonekana mchoyo wa huruma. Kwanza, ili apate nafasi ya kuuzungusha ule mlingoti, aliingia majini. Yaani alisimama juu ya samaki. Pale alipoweka mguu ndipo tilapia walipokuwa wanataga. Niliona maji yakitikisika kwenye nyasi huku wote wakikimbia kushoto, kwa Tata na kwangu. Tuliwatoa mmoja baada ya mwingine kwa mishipi yetu ya kopo. Kisha akarusha. Risasi iliruka ikapita nyasi, ikapita miti iliyozama, ikapita kila kiumbe chenye njaa, ikaanguka katikati ya bwawa ambako mwanzo wa msimu hakuna kitu ila matope na maji yanayojiendea. Akageuka kutuangalia.

"Mmeona?"

"Tumeona," Nyaga akasema. "Umewapelekea chakula watu wa ng'ambo."

Akarusha tena. Mara ya tatu mshipi ulijisokota kwenye mashine ukawa kiota cha ndege, na alikaa nacho magotini akifungua, mtu ambaye vidole vyake vinafunga bunda la miraa ukipepesa jicho. Nyungunyungu wake aliwafunga kwenye ndoano kwa fundo. Kweli, kwa fundo, kwa sababu ni mtu wa kufunga. Nyungunyungu hafungwi, anavikwa kama soksi, ncha ya mkia unaiacha icheze. Sikumwambia. Tata naye hakumwambia. Alikuwa anamtazama tu, namna unavyotazama chungu ukisubiri kichemke, na nilijua anachokitazama si samaki.

Ilipofika saa saba, ndoo zetu zilikuwa zimejaa na yake ilikuwa na kofia yake. Alikuwa amechoka. Alikunja mshipi mpaka chambo kikawa karibu na ukingo, kwenye maji ya kufika gotini, akachomeka bomba kwenye udongo, akasimamisha fimbo hapo bila hata kuitoa ndoano majini. Akaja kuketi karibu na jiwe letu bila kuivua ile suruali, akafungua miraa yake kwenye jani la mgomba. "Nipumzike," akasema. "Samaki wa hapa hawana adabu."

Upepo wa mchana ukaanza. Nyinyi mnaoondoka saa sita kwa sababu ya jua, hamjawahi kuona hili. Upepo unatoka ng'ambo, unasukuma mawimbi madogo yenye hasira, yanapiga ukingo, udongo mwekundu unachafuka. Kambare anapenda hiyo. Anakuja na sharubu zake kupapasa kilichofukuliwa, mkubwa, karibu kabisa na nchi kavu. Chambo cha Mwenda, ambacho alikuwa amekitupa mbali asubuhi nzima bila faida, sasa kilikuwa kimelala mahali palepale kilipotakiwa kuwa. Kwa uvivu.

"Laare," Nyaga akasema bila haraka, "fimbo yako inaenda nyumbani."

Tuligeuka. Lile bomba lilikuwa limeng'oka kwenye udongo laini, na fimbo ilikuwa inateleza kifudifudi kuingia majini, taratibu, kama mtu anayeondoka kanisani akidhani hakuna anayemwona. Mwenda aliruka, miraa ikamwagika. Aliingia majini mbio na ile suruali yake. Magoti, mapaja, kiuno. Fimbo ikafika kwenye mgunga uliozama, ikanasa matawini, ikasimama. Mpini wake wa dhahabu ulielea ukimwelekea. Hatua mbili. Kisha hatua moja.

Tata alikuwa na samaki kwenye mshipi. Aliuweka chini. Sijawahi kumwona akiweka chini mshipi wenye samaki.

"Mwenda," akasema. "Toka."

Sauti yake haikuzidi ile ya kuomba chumvi. Mkono wa Mwenda ulikuwa umenyooka. Pale nilipokuwa nimesimama niliona vidole vyake na mpini, na maji kidogo katikati. Sitawadanganya. Nilikuwa nasubiri aseme. Nilijua maneno yenyewe, yale ya Njeru, na nilijua akiyasema Tata atachukua ndoo yake, atapanda njia ya nyumbani, na habari za Laare zitakuwa zimeisha milele, na jiwe litabaki letu. Lilikuwa neno fupi sana. Mtu yeyote angelisema, kitu kipya cha namna ile, na samaki wake wa kwanza akiwa upande wa pili.

Aliiangalia fimbo. Kisha hakuangalia maji, hakuangalia mti. Aligeuza kichwa akamwangalia Tata usoni, na sijui aliona nini huko, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma ya Tata. Akakunja mkono. Akageuka, akatoka.

Alitoka akitembea kama ng'ombe mwenye mimba, ile suruali imejaa maji mpaka kifuani. Nyaga alikuwa ameacha kutafuna. Upande wa pili wa mgunga kulikuwa na kitu kirefu cheusi kimelala sambamba na maji. Nyaga alisema gogo. Huenda. Jioni upepo ulipotulia halikuwepo, lakini magogo nayo huelea yakaenda zake.

Mwenda aliketi chini, akalegeza mikanda, maji yakamwagika yakamwosha miguu.

"Ilikuwa mpya," akasema.

"Niliiona," Tata akasema.

"Niliinunua kwa sababu yako."

"Najua."

Tata akaiviringisha mikono yote miwili ndani ya leso. Kisha akasema, akiangalia maji, "Laare siji."

"Nimesikia."

"Hujasikia, sijamaliza. Laare siji. Maji haya yamenila na yananilisha, siwezi kwenda kuyaota nikiwa milimani. Lakini hapa mawe ya kukalia ni mengi."

Mwenda alifikiri. Kwao mwanamume kuhamia kwa mwanamke ni jambo la kuimbiwa wimbo, na wimbo wenyewe si mzuri. "Mama atasema nimeolewa," akasema.

"Atasema kweli," Nyaga akasema kutoka majini, akaanza kutafuna tena.

Wanaishi hapo mpaka leo. Mama wa Laare aliwaimbia mwaka mzima, kisha akaja kuwaona, akala samaki akidhani ni kuku wa kienyeji, akaomba tena. Hakuna aliyemwambia, na nyinyi msimwambie. Ile fimbo Nyaga aliifuata na mpira wake siku ya pili, mshipi umekatika, kambare ameenda. Sasa imechomekwa uani kwa Tata na inashikilia kamba ya nguo, na kwa kazi hiyo sijaona iliyo bora. Siku hizi Mwenda anawatoa samaki matumbo, anawapaka chumvi, anawafunga kwa jani la mgomba lililolowa, vichwa upande mmoja, anawapeleka Embu kabla jua halijapanda. Wanakwisha haraka kuliko wangu walivyokuwa wakiisha. Watu wa mjini wanapenda kitu kilichofungwa kwa kamba. Hiyo nayo ni aina ya ujinga, lakini inalipa. Baba alipoona pale ukingoni watu wawili wanatosha, akanitafutia chuo, na hivyo ndivyo mtu anavyostaafu akiwa na meno yote.

Bado namwona Mwenda kuwa mtu wa makelele. Bado ananisalimia kama kiziwi. Na nyinyi mkishuka Aprili mtamkuta, atawaeleza habari za mwanzo wa msimu kana kwamba aliziumba yeye, atawaambia samaki yuko miguuni. Msikilizeni. Amesimama juu ya hao samaki asubuhi nzima, anajua anachosema.

Lakini ile siku ilikuwa na kipande kimoja kilichobaki. Jua lilikuwa linashuka, ndoo zimejaa, kazi ya kupasua inasubiri. Mwenda alikuwa bado ameketi chini bila viatu, hana fimbo, hana samaki, ananusa mikono yake kama mtu aliyepewa mikono ya mtu mwingine. Tata aliniangalia. Alijua nimeomba nini siku zote zile, Tata hujua.

"Kimya," akasema. "Mpe kisu."

Nilisogeza ndoo. Nilivitoa vyote viwili, nikaviweka gotini, nikakaa navyo kidogo, na hakuna aliyenikimbiza. Kisha nikampa. Nilimpa kile butu.